Hesabu Itakupeleka Wapi? Swali la Anko Lina Zaidi ya Miaka 80

Jumapili iliyopita tulikuwa kwa anko, Kayole. Chapati zilikuwepo, ndengu zilikuwepo, kila mtu alikuwa sawa mpaka stori ikafika kwa binamu yangu. Dogo amemaliza kidato cha nne, hesabu akapata A-, na chaguo lake la kwanza la chuo ni shahada ya hisabati. Sio udaktari, sio sheria. Hisabati. Na mlango wa kubadilisha kozi unafungwa Ijumaa.

Anko akaweka kijiko chini. "Sasa hiyo hesabu itakupeleka wapi? Utakuwa mwalimu?"

Halafu akanigeukia. "Wewe si ulisoma hiyo kitu? Mwambie."

Kweli, nilisoma na nikamaliza. Na mwaka wangu wa kwanza nje ya kampasi nilikuwa nazunguka mtaani nikifundisha watoto wa watu tuition, shilingi mia mbili kwa saa, nikirudi nyumbani usiku na chaki kwa nywele. Kwa hivyo nilipoulizwa, nikasema tu, "Inategemea, anko." Dogo aliniangalia mara moja akarudi kwa sahani yake. Mazee, nilijua nimemwangusha.

Nimekaa na hilo swali wiki nzima. Na nikakumbuka kuna msichana mwingine aliyeliuliza, neno kwa neno karibu, katika miaka ya 1930. Hebu niwape stori yake yote, kwa sababu watu wengi wanaijua kutoka kwa filamu tu, na filamu ilianza katikati.

Anaitwa Katherine Coleman. Alizaliwa 1918 katika mji mdogo wa White Sulphur Springs, jimbo la West Virginia, Marekani. Hiyo ilikuwa Marekani ya ubaguzi kwa sheria: shule za Wazungu huku, shule za Weusi kule. Kwao, mtoto Mweusi akifika darasa la nane, shule imeisha. Hakuna sekondari ya kumpokea. Wazazi wake walichofanya ni kuhamisha watoto hadi mji wa Institute, mbali na kwao, mahali ambapo chuo cha Weusi, West Virginia State, kilikuwa na shule ya sekondari ndani yake. Baba akabaki nyuma akifanya kazi ili karo ipatikane. Ukiambiwa wazazi wa zamani hawakuelewa elimu, kumbuka hao.

Katherine alikuwa mtoto wa kuhesabu kila kitu. Hatua za kwenda kanisani, sahani anazoosha, anahesabu. Aliingia sekondari akiwa na miaka 10. Akamaliza chuo kikuu 1937 akiwa na miaka 18, na shahada ya hisabati pamoja na Kifaransa.

Hapo chuoni ndipo alipokutana na mwalimu anayeitwa William Claytor. Shikeni hilo jina, kwa sababu mimi naona yeye ndiye nusu ya stori hii na hakuna anayemtaja.

Claytor alikuwa mkali kweli kweli. Mwaka 1933 alipata shahada ya uzamifu ya hisabati kutoka Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Kabla yake, Wamarekani Weusi waliokuwa wamefika hapo katika hisabati ni wawili tu: Elbert Cox mwaka 1925 na Dudley Woodard mwaka 1928. Claytor ni wa tatu. Na Woodard ndiye aliyemfundisha Claytor pale Howard. Kwa hivyo unaona ni mnyororo: huyu anamshika mkono huyu, huyu naye anamshika mwingine.

Claytor akamwona huyu msichana darasani akamwambia angefaa sana kuwa mtafiti wa hisabati. Katherine hakuwa hata amewahi kusikia kazi kama hiyo. Akauliza wanafanya nini. Claytor akamjibu kwamba atakuja kujua. Basi Katherine akauliza lile swali la anko: nitapata kazi wapi?

Na Claytor akamwambia hilo litakuwa shida yake mwenyewe.

Mara ya kwanza kusoma hiyo nilicheka. Nikasema huyu lekchara ni kama wale wetu, anakupatia kazi ya kufanya halafu anapotea. Lakini Claytor hakupotea. Alipomaliza kumfundisha kozi zote zilizokuwepo, alitunga kozi mpya kwa ajili yake: jometri ya anga, ile ya kuandika umbo lolote lililo hewani kwa milinganyo. Darasani kulikuwa na mwanafunzi mmoja tu. Katherine peke yake. Mwalimu anaingia, anaandika ubaoni, anafundisha mtu mmoja.

Kama ulifanya kidato cha nne hapa Kenya, unakumbuka mada ya latitudo na longitudo, ile ya kutafuta umbali kati ya miji miwili juu ya dunia ya mviringo. Na unakumbuka jometri ya pande tatu, ile ya kutafuta pembe ndani ya piramidi. Sasa chukua hizo mbili, ongeza mwendo, ongeza kwamba dunia yenyewe inazunguka wakati unahesabu. Hapo unaanza kukaribia kile Claytor alikuwa anamwandalia.

Lakini tazama tarehe. Ni 1937 ama kabla ya hapo. Hakuna setilaiti hata moja angani. Ya kwanza, Sputnik ya Warusi, itarushwa tarehe 4 Oktoba 1957, miaka ishirini baadaye. Claytor hakuwa anamwandaa kwa kazi aliyoijua. Hiyo kazi haikuwepo. Hakuna gazeti duniani lilikuwa na tangazo la "anatafutwa mtu wa kukokotoa njia ya chombo cha angani."

Kwa nini basi alimjibu vile, kwamba shida ni yake? Mimi nafikiri ni kwa sababu alikuwa anaongea kutoka kwa maisha yake. Claytor alichapisha utafiti katika jarida kubwa kabisa la hisabati la Marekani mwaka 1934 na tena 1937. Mzungu mwenye hizo karatasi angeitwa na vyuo. Yeye hakupata nafasi ya kudumu katika chuo chochote kikubwa cha utafiti. Akienda mkutano wa wanahisabati, wenzake wanalala hotelini, yeye anatafutiwa nyumba ya mtu Mweusi mjini. Mwisho akaacha kwenda. Baada ya zile karatasi mbili, utafiti wake ukanyamaza. Alifundisha maisha yake yote, miaka mingi pale Howard, akafa 1967.

Kwa hivyo usiniambie hesabu ni lifti, ukiingia tu inakupandisha. Claytor alikuwa na hesabu kuliko karibu kila mtu nchini mwake, na mlango ukafungwa usoni mwake. Hiyo lazima isemwe, kwa sababu sisi huku tunapenda stori za "soma kwa bidii, utafaulu" halafu tunashangaa mbona mtu ana digrii na anauza mitumba Gikomba.

Turudi kwa Katherine. Alimaliza 1937. Akapata kazi gani? Mwalimu. Anko, ulikuwa sahihi! Alienda kufundisha shule ya Weusi huko Marion, jimbo la Virginia. Baadaye akachaguliwa kuwa mmoja wa wanafunzi watatu Weusi wa kwanza kuingia masomo ya uzamili katika Chuo Kikuu cha West Virginia, lakini akaacha ili kulea familia. Akapata wasichana watatu. Akarudi kufundisha. Miaka ikapita, kumi, kumi na tano. Hebu fikiria zile sherehe za familia katika hiyo miaka. Lazima kulikuwa na anko wa kusema, "Na zile hesabu zote?"

Huku nyuma kitu kingine kilikuwa kinatokea, na hakikuwa cha hesabu. Mwaka 1941 kiongozi wa wafanyakazi, A. Philip Randolph, alitishia kuleta maelfu ya Weusi kuandamana Washington kwa sababu viwanda vya vita vilikuwa vinawanyima kazi. Rais Roosevelt akatoa amri ya kupiga marufuku ubaguzi katika hizo kazi. Vita vilikuwa vinakula watu, ndege zilikuwa zinahitaji hesabu, na sasa sheria imesukumwa. Mwaka 1943, kituo cha utafiti wa ndege cha Langley, Virginia, kikaanza kuajiri wanawake Weusi wenye digrii za hisabati.

Cheo chao kiliitwa "kompyuta". Sio utani. Kabla neno hilo halijawa mashine, kompyuta alikuwa mtu. Alikuwa anakaa mezani na kalkuleta ya chuma na karatasi kubwa, anakokotoa siku nzima. Wanawake Weusi waliwekwa chumba chao, upande wa magharibi wa kituo, na kantini meza yao ilikuwa na kibao cha kuwatenga.

Mmoja wa walioingia 1943 ni Dorothy Vaughan. Alimaliza hisabati 1929, na alikuwa amefundisha shule zaidi ya miaka kumi. Mwalimu tena. Alipanda akawa mkuu wa kile chumba. Na mashine za kweli zilipoanza kuletwa, akaona mapema kwamba zinakuja kuchukua kazi yao. Hakulia. Alijifunza lugha ya kompyuta inayoitwa FORTRAN, akawafundisha wanawake wenzake pia. Ukisikia watu mtandaoni wakisema akili unde itamaliza kazi zote za hesabu, kumbuka kuna chumba cha wanawake ambao mashine ilibeba hadi jina la kazi yao, na bado wakabaki kazini, kwa sababu mashine ilihitaji mtu wa kuiambia ihesabu nini.

Katherine alisikia kuhusu Langley katika shughuli ya kifamilia, mwaka 1952. Unaona? Kumbe hizo sherehe zina faida. Aliingia 1953, miaka 16 baada ya kumaliza chuo. Wiki mbili tu, akahamishwa hadi kitengo cha utafiti wa safari za ndege, katikati ya mainjinia wanaume Wazungu. Alikuwa anauliza maswali mengi. Akitaka kuingia mikutano, akiambiwa wanawake hawaingii, anauliza kama kuna sheria inayokataza. Hakukuwa na sheria. Akaingia.

Halafu Sputnik ikaruka, Marekani ikashtuka, NASA ikaanzishwa 1958, na ghafla swali la nchi nzima likawa: tukimtuma mtu juu, atarudi chini wapi?

Hiyo ni jometri ya anga. Ni ile kozi ya mwanafunzi mmoja.

Mwaka 1960 Katherine, ambaye sasa anaitwa Katherine Johnson, aliandika ripoti pamoja na injinia Ted Skopinski. Ndani yake kuna milinganyo ya kufanya kazi kinyumenyume: ukiniambia unataka chombo kitue wapi, mimi nitakuambia injini ikizimwa kinapaswa kuwa kimeelekea wapi. Ilikuwa mara ya kwanza mwanamke katika kile kitengo kuandikwa jina kama mwandishi wa ripoti. Mei 1961 alikokotoa njia ya Alan Shepard, Mmarekani wa kwanza kwenda angani.

Na tarehe 20 Februari 1962 ikawa zamu ya John Glenn kuzunguka dunia. Kufikia hapo NASA ilikuwa na kompyuta za mashine, lakini zilikuwa mpya na zilikuwa zinazimika ovyo. Glenn hakuziamini. Aliomba yule msichana azipitie namba kwa mkono, zikikubaliana, yeye yuko tayari. "Msichana" alikuwa mama wa miaka 43. Katherine alikaa na kalkuleta yake, akafanya hesabu yote upya, namba baada ya namba. Zikakubaliana. Glenn akaruka, akaizunguka dunia mara tatu kwa muda usiofika saa tano, akatua salama baharini.

Sasa hapa pana kipande ambacho sisi wa huku hatuambiwi. Ili kumfuata Glenn, Marekani ilijenga vituo vya redio kuzunguka dunia yote, kwa sababu chombo kikipita upande wa pili wa dunia, Florida haikioni. Kimoja kilikuwa Kano, Nigeria. Kingine kilikuwa Zanzibar. Ndiyo, Zanzibar hii ya karafuu. Glenn alivuka Afrika na akaongea na watu waliokuwa wamekaa kisiwani na mitambo yao. Kile kituo kilifungwa 1964 baada ya mapinduzi. Lakini siku ile ya 1962, ile njia ambayo mwalimu wa zamani wa shule ya Marion aliipitia kwa mkono ilipita juu ya pwani yetu, na kuna mvuvi pengine aliinua kichwa na hakuona kitu.

Katherine alifanya kazi huko hadi 1986. Mwaka 2015 Rais Obama alimvisha nishani ya juu kabisa ya raia. Alikufa Februari 2020 akiwa na miaka 101.

Na kama unasema hiyo ni ya zamani sana, toa simu yako. Kuna mwanamke mwingine, Gladys West, mtoto wa wakulima wa Virginia, aliyezaliwa 1930. Alipata udhamini wa chuo kwa kuongoza darasa, akasoma hisabati, akafundisha shule kidogo (mnaona hii kitu inajirudia?), halafu 1956 akaajiriwa katika kituo cha jeshi la majini cha Dahlgren. Alikaa huko miaka 42. Kazi yake ilikuwa kuchukua vipimo vya setilaiti na kukokotoa umbo halisi la dunia. Kwa sababu dunia sio mpira laini. Ina mabonde na vimo vya mvutano, na bila kuvijua, mfumo wa GPS ungekupoteza. Leo dereva wa teksi anapokupata hadi geti la ploti yako Pipeline, ndani ya hiyo nukta ya bluu kuna hesabu ya aina ya Gladys.

Sasa anko, nakujibu.

Swali lako sio la kijinga. Katherine mwenyewe aliliuliza. Na jibu la Claytor lilikuwa la kweli: hakuna anayejua. Cha kuchekesha ni kwamba Katherine aliweza kukokotoa mahali pa kutua kwa chombo kinachotoka angani, lakini hakuna mlinganyo ungemwambia mwaka 1937 yeye mwenyewe atatua wapi.

Lakini nimeona vitu vitatu katika hizi stori, na navisema kama mtu aliyepitia hiyo kozi.

Cha kwanza, hesabu haifungui mlango. Mlango ulifunguliwa na watu waliotishia kuandamana, na kwa mahitaji ya vita. Lakini mlango ulipofunguka, haukungoja mtu aanze kujifunza. Walioingia ni wale waliokuwa tayari. Kama sisi tunataka vijana wa hisabati wapate kazi Kenya, tusiwaambie tu wasome. Tudai pia hizo kazi ziwepo na zitolewe kwa haki, bila kujuana.

Cha pili, ualimu sio kuanguka. Katherine, Dorothy, Gladys, wote walianza na chaki. Na bila Woodard na Claytor, hao walimu wawili, hakuna Katherine. Mimi mwenyewe zile tuition za mia mbili ndizo zilinifunza kueleza namba kwa mtu asiyezipenda, na hiyo ndiyo sababu kampuni ya bima ilinichukua baadaye. Nakaa nikihesabu uwezekano wa gari lako kugongwa. Sio angani, lakini kodi inalipwa.

Cha tatu, milango iliyopo leo ni mingi kuliko ya 1937. Bima na pensheni zinahitaji watu wa hesabu za hatari. Benki zinahitaji. Watu wa takwimu, wa hali ya hewa, wa kuandika programu, wa kufuatilia magonjwa yanavyosambaa, wote wanasimama juu ya hisabati. Na kama dogo anataka kuendelea, kuna taasisi ya AIMS, iliyoanza 2003 huko Cape Town na sasa ina kituo Kigali, inayofundisha uzamili wa hisabati kwa Waafrika na kuwapa ufadhili. Claytor angelia akiona hiyo.

Ila dogo, nawe nikuambie ukweli. Usiende kwa sababu ya A-. Ile hesabu ya chuo sio ya kupata jibu na kupigia mstari. Mwaka wa pili utaambiwa uthibitishe kitu ambacho unaona wazi ni kweli, na utashindwa wiki mbili. Ukipenda hicho kishindo, nenda. Usipokipenda, badilisha kabla ya Ijumaa na hakuna atakayekucheka. Na ukienda, jifunze kuandika programu kando, mapema, kama Dorothy, usingoje mashine ije ikukute.

Jana usiku nilimtumia hii posti kabla ya kuiweka. Alisoma, akanyamaza kama dakika kumi, halafu akaniuliza kitu kimoja tu: hiyo kozi ya mwanafunzi mmoja, Claytor alikuwa analipwa zaidi?

Sijui kama hiyo ni swali la mwanahisabati ama la mtoto wa Kayole. Lakini nilimpigia anko asubuhi, nikamwambia ile "inategemea" ya Jumapili naiondoa.